Munyu Si Chumvi

Kachu. Kachu. Halafu kimya, halafu kachu nyingine, taratibu, ya mtu anayetafuna huku akisikiliza kama kuna anayemsikia. Ilitoka nyuma ya pazia la chumba cha mama, mchana, saa ambazo Ujiji yote imelala kwa joto na hata kuku wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta. Mimi nilikuwa jikoni nachambua dagaa, natoa vichwa na matumbo, mkono ukasimama wenyewe. Niliijua sauti ile kabla sijakubali kwamba naijua. Lilikuwa bonge la chumvi kati ya meno.

Mama alikuwa amekatazwa chumvi. Presha yake ilikuwa juu na moyo umechoka, umepanuka, ndivyo daktari alivyotueleza. Chumvi inashikilia maji mwilini, maji yanashuka miguuni, yakizidi yanapanda kifuani, na yakifika kifuani ndiyo yale tuliyokuwa tumeyaona: mama ameketi kitandani hospitalini usiku na mchana, hawezi kulala chali, anavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima huku amekaa. Sisi watu wa ziwani tunajua mtu kuzama. Sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuzama akiwa nchi kavu, juu ya godoro, mwanawe amemshika mkono.

Alipopata nafuu tukarudi nyumbani na dawa za kukojoa, na amri mbili: chumvi hapana, mafuta kwa uchache. Nikajiapiza kwamba nitampikia mpaka apone. Nilikuwa na moyo mwepesi wakati ule. Nilidhani kumpikia mgonjwa ni kazi inayofika mahali ikaisha, kama kufua.

Lazima niseme mama yangu ni nani mbele ya chumvi, maana bila hivyo utaona ni ukaidi tu wa mgonjwa. Mama alikuwa mpishi wa shughuli: harusi, hitima, maulidi. Kwetu shughuli ikiwa kubwa wanawake hugawana kazi. Wako wa kuchagua mchele, wako wa vitunguu, ambao ndio wenye habari zote za mji, wako wa kukoleza moto na wa kugeuza nyama. Lakini chumvi ni ya mtu mmoja. Masufuria yote yanamsubiri yeye. Wanasema chumvi ya mikono miwili haiivi, na hata mama wa bibi harusi akithubutu kutia punje atatolewa jikoni kwa maneno. Huyo mmoja huitwa mkono wa chumvi, na kwa upande wetu alikuwa mama. Alipita na bakuli lake, anachota kwa vidole, anarusha kwa kuzungusha, anachovya mwiko, anadondoshea kiganjani, analamba, anafumba macho. Jiko zima linanyamaza. Akisema "Haya," ndipo mifuniko inarudi.

Mtu huyo ndiye aliyeambiwa aache chumvi.

Nilianza kwa kupika vyungu viwili. Kidogo cha mama, kikubwa cha nyumba, yaani mimi na kaka yangu anayefanya kazi kwenye boti pale Kibirizi, pamoja na yeyote atakayepita wakati wa kula. Siku ya kwanza nilimpikia maharage. Sikujua kwamba maharage yasiyo na chumvi yana ladha ya ukuta. Mama alitia kijiko kimoja mdomoni, akaniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, akauliza kama bomba limekatika, maana anaona maji yote ya mtaa nimeyamimina humu. Siku iliyofuata nikapika sombe, kisamvu cha kwetu. Mtu wa Kigoma anajua sombe ni mawese. Mimi nilitia kijiko kimoja cha mawese kwa kuogopa, bila chumvi. Kaka alichungulia kile chungu kidogo, akasema mbuzi wa jirani angeshukuru sana.

Halafu kliniki nesi akaniuliza maharage nayalainishaje. Nikasema kwa magadi, kama watu wote. Akashika kichwa. Kumbe magadi nayo ni ndugu wa chumvi, na mimi nilikuwa nampa mama ndugu huyo kwa kijiko. Nilirudi nyumbani nimechoka, ingawa sikuwa nimefanya kazi yoyote.

Mimi ni mtu wa kuota. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto haidai cheti. Ndoto yangu ni mgahawa pale karibu na mwalo, mitumbwi ya samaki inakotua, viti vya buluu, meza zenye vitambaa, na ukutani amechorwa samaki wa ziwa letu, mgebuka mkubwa anayecheka. Basi nikawa nafanya mazoezi kwa mama. Namwekea kitambaa mapajani, namnawisha mikono, nasema kwamba leo mteja wetu mpendwa tunakuletea samaki wa asubuhi aliyelala kwenye shuka la nyanya. Mwanzoni alicheka. Kisha akaacha kucheka na akaanza kula. Hilo lilinifurahisha zaidi. Sahani zikawa zinarudi tupu. Nikatembea Ujiji kichwa juu, najiona mpishi, namwambia kila anayeuliza hali ya mgonjwa kwamba mama amezoea, anakula vizuri, hana neno.

Miguu ikavimba tena.

Kliniki daktari alimuuliza mama kama anakula chumvi. Mama akamjibu kwa utulivu kwamba tangu atoke pale hajaweka chumvi mdomoni. Nami nikadakia, nikasema napika mwenyewe, kwa mikono yangu, hata punje. Daktari alitutazama mama na binti, hakubisha. Aliongeza dawa. Kisha akaniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba maji yakirudi kifuani safari hii, moyo ule hauna nguvu ya kuyatoa tena. Njiani mama alinunua machungwa.

Mchana ule ule ndipo niliposikia kachu.

Niliweka ungo wa dagaa chini, nikaenda, nikafunua pazia. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mapajani kitambaa kimefunguliwa, ndani yake mabonge ya chumvi ya kijivujivu. Hakushtuka. Alinikunjulia kiganja chenye bonge moja, vile mtu anavyomkaribisha mwenzake karanga.

"Mama, hiyo nini?"

"Munyu."

"Munyu ndiyo chumvi, mama."

"Chumvi ni ile ya paketi," alisema. "Ya dukani, wanayotia madawa. Hiyo ndiyo daktari kaikataza, na hiyo sijaigusa. Huu umetoka Uvinza, ardhini. Mama yangu kanilambisha huu nikiwa mchanga. Munyu si chumvi."

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa Muha wa kule milimani aliyeolewa Ujiji na mtu wa asili ya Kongo. Mama alikulia Kiswahili, ila maneno ya jikoni na ya uzazi yalibaki ya mama yake. Munyu ulikuwa wa kusukutua koo, wa mama aliyejifungua, wa mtoto mwenye tumbo. Munyu ulikuwa dawa. Chumvi ilikuwa kitu cha dukani. Na mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyemletea fundo lile kutoka Uvinza, kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu dada yake alikuwa amemwambia kwamba daktari kakataza chumvi, munyu hajautaja.

Nilitaka kucheka. Nilitaka pia kukaa chini nilie, na nilikaa chini, lakini sikulia. Mpaka leo sijui kama mama aliamini maneno yale au alikuwa amejiaminisha tu. Nadhani hata yeye hakutaka kujua. Nilimweleza kwamba jina likibadilika maji hayabadiliki, kwamba mguu haujui Kiha wala Kiswahili, kwamba daktari amesema hivi na hivi. Nilimwambia hata lile nililoambiwa pembeni. Alisikiliza lote. Alipojibu, hakuzungumzia munyu.

"Unanipikia kichungu changu pembeni," alisema. "Mtu anayepikiwa pembeni ni mzazi, au mchawi, au anayesubiriwa afe. Mimi sijazaa."

Kisha akafunga kitambaa chake, akakirudisha chini ya mto. Sikumnyang'anya. Huwezi kumnyang'anya mama yako kitu mkononi, hata kama kitamuua. Au labda wengine wanaweza, mimi sikuweza. Nikarudi kwa dagaa wangu.

Tangu jioni ile kikawa chungu kimoja. Sikumshauri mtu. Nilipika bila chumvi kwa ajili ya wote, nikatenga sinia moja, tukazunguka. Chumvi nikaiweka juu kwenye kabati, na kaka nikamwambia kama anaihitaji achukue bakuli lake akale barazani. Kaka alitia tonge mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu.

"Karibuni wodini," alisema.

Jina likakwama. Akirudi kutoka Kibirizi anauliza wodini leo kuna nini. Akileta rafiki anamwambia tuingie wodini, saa za kuona wagonjwa zimefika. Siku moja alilalamika kwamba ziwa lenyewe halina chumvi, nyumbani nako hamna, sasa ahamie Dar akakae baharini? Mama akamwambia aende tu, bahari ina chumvi lakini haina mama. Nikaona mdomo wa mama umepata nguvu. Alikuwa anakula kidogo, lakini alikuwa anakula na sisi, na anagombana, na mtu anayegombana hajaaga.

Lakini chakula kilikuwa bado kibaya. Lazima niseme ukweli. Na hapo ndipo mama alipoanza kusogeza kigoda chake mlangoni mwa jiko, kwanza kwa kupunga upepo, baadaye kwa kuniona ninavyofanya makosa. Hakusema atanifundisha. Alisema tu kwamba kitunguu kile nakitoa motoni kama mtu anayeogopa polisi, nikiache kiungue kingo. Kesho yake akasema nyanya nazo nizichome kwanza kwenye makaa mpaka ganda lipasuke. Kisha ndimu: mimi nilikuwa naikamulia mwanzoni, ikapotea kwenye moto, akasema ndimu inangoja mwisho, chungu kikishatua chini. Tangawizi isagwe siku ile ile ya kupika. Pilipili mbuzi ielee nzima, isipasuke, itoe harufu ibaki na ukali wake. Karanga zikaangwe kavu mpaka ziwe na rangi ya udongo wa Kasulu, ndipo zitwangwe.

"Ulimi ukinyimwa chumvi ni kama mtu aliyefukuzwa kazi," aliniambia. "Utakaa unanung'unika tu. Mtafutie kazi nyingine."

Nikautafutia. Dagaa wetu nilikuwa nimewasahau kwa sababu wako kila mahali. Wanaanikwa tu juani, hawatiwi chumvi, na ukiwakaanga kavu kwenye kikaango chenye joto kali wanalia kama mvua ya kwanza kwenye bati, halafu unawatia nyanya ya kuchoma na ndimu. Mgebuka wa moshi ukipata aliyebanikwa vizuri, bila kupakwa chumvi, moshi wenyewe unakaa kinywani, na ukimchanganya kwenye sombe yale mawese machache hayaonekani machache. Mgebuka mbichi nilimfunga kwenye jani la mgomba na tangawizi, nikamlaza kwenye makaa. Siku hiyo kaka hakwenda barazani. Alikula tu, akanawa, akaniuliza kama wodi hii inapokea wagonjwa wa kudumu.

Mtu akisoma hapa anaweza kudhani tulikuwa tumeshinda. Hapana. Nilikuwa nachoka namna ambayo sijawahi kuchoka. Chakula chenye chumvi unaweza kukipika huku unawaza mengine; chumvi inakufichia uvivu. Kisicho na chumvi kinataka uwe pale pale. Samaki akilala hata kidogo, ladha inakwisha, kwa hiyo asubuhi lazima nishuke mwalo mitumbwi ikirudi, na kwa wauza samaki wa moshi nimuulize kila mmoja kama amepaka chumvi. Wakanizoea, wakaniita bwana afya. Kaka akienda Ilagala namwagiza muhogo, maana ugali wa muhogo mzuri una utamu wake na hauhitaji kusaidiwa. Mawese napima kwa kijiko kile kile. Ikifika mchana nimemaliza, nimeosha, nimekaa, jua linaniangalia, na najua kesho ni hivi hivi, na keshokutwa. Kuna siku nilishika mwiko nikasahau napika nini. Mgahawa wangu wenye viti vya buluu niliuona bado, ila sasa nilimwona na mwenye mgahawa, amelala juu ya meza.

Na kulikuwa na majirani. Watu wa kwetu hawaji kumwona mgonjwa mikono mitupu. Wanakuja na hotpoti, wali wa nazi, mchuzi wa kuku, na mapenzi yote ya dunia, na chumvi. Mimi ndiye wa kupokea kwa mikono miwili, kushukuru, kisha kuhakikisha mama hali. Mwenye chakula amekaa pale, anasubiri aone mgonjwa anaonja. Nikawa nasema mama amekula sasa hivi, tutampa jioni. Wakaanza kusema. Habari zikanifikia, kama zinavyofika, kupitia wanawake wa vitunguu: kwamba binti yule anamshindisha mama yake njaa, kwamba mama kapungua. Alikuwa kapungua kweli. Yaliyopungua ni maji. Lakini nenda ukamweleze nani.

Na lile fundo chini ya mto sikujua kama lipo au limekwisha. Nilikuwa natandika kitanda bila kuinua mto. Siku nyingine miguu iko sawa, siku nyingine alama ya kandambili inabaki imezama kwenye ngozi mpaka jioni, na mimi nazunguka nyumba nikitega sikio.

Ndipo wakaja wanawake wa mtaa wa Buzebazeba. Walikuwa wa ukoo wa rafiki yake mama wa tangu utoto. Rafiki huyo alikuwa anaoza binti yake. Walikaa mkekani, wakauliza hali, wakasema wanajua mgonjwa hawezi kusimama kwenye moto, hawaombi hilo. Wanaomba mkono tu. Atakaa kwenye kiti, kazi zote zitafanywa, yeye atie chumvi na kuonja basi. Mama mdogo alikuwepo siku ile, akasema kuonja si kula, unalamba unatema. Mimi nikayaona masufuria ya harusi moja baada ya jingine, pilau, nyama, mchuzi, maharage, kila moja linaonjwa, linaongezwa, linaonjwa tena. Tangu augue hakuna aliyekuwa amemwita mama popote isipokuwa kumpa pole. Nilimtazama uso, nikashindwa kusema hapana. Nilisema tu kwamba nitakwenda naye, na chakula chake nitakibeba.

Alfajiri ya siku ile nilimpikia mgebuka kwenye jani, nikamtia kwenye hotpoti na ugali, nikafunga kwa kanga. Mama alivaa vizuri. Nilimsaidia kufunga kilemba. Tulipofika nyuma ya nyumba ya harusi moto ulikuwa umeshawaka kwenye mafiga, moshi umejaa ua, na wanawake wakapiga vigelegele kumwona. Mama mdogo alikuwa ameshamwekea kiti. Wakampa bakuli la chumvi mapajani, nyeupe, ya paketi. Alilishika kwa mikono yote miwili kwanza, hakulitumia.

Sufuria la kwanza lilikuwa la nyama. Mama alichota, akarusha kwa kuzungusha, vidole havikuwa vimesahau chochote. Wakakoroga. Wakampa mwiko. Akadondoshea kiganjani. Jiko likanyamaza, hata wa vitunguu. Mimi nilikuwa nyuma ya kiti chake na nilijua kwamba nikifungua mdomo mbele ya watu wale nitamvunjia heshima yote aliyobaki nayo, na nikinyamaza, tutarudi nyumbani na ulimi ulioonjeshwa, na ulimi ulioonjeshwa haulali. Nikanyamaza. Kiganja kikapanda mpaka karibu na mdomo. Alinusa. Alikaa hivyo. Kisha akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akanipa mimi kiganja.

"Onja," alisema.

Mwanamke mmoja, mtu mzima, mwenye sauti ya kuongoza vigelegele, akasema shoga, hiyo si ndiyo mikono miwili tena?

"Mkono ni huu mmoja," mama akamjibu. "Ulimi ndio nimeazima."

Nililamba kiganja cha mama. Ilikuwa kama kofi. Miezi yote ile nilikuwa nakula wodini, sikuwa nimefikiria ulimi wangu umekuwaje. Nikasema imezidi. Kukawa na minong'ono. Mama akageuka akanitazama, akaangalia vidole vyake, akafikiri.

"Haijazidi," alisema taratibu. "Wewe ndiye uliyepungua. Inakuuma sana au kidogo?"

"Kidogo."

"Basi iko sawa kwa watu. Haya."

Mfuniko ukarudi. Tukaenda sufuria hadi sufuria namna hiyo, mimi nikimwinua, nikimsogezea kiti. Anarusha, ananipa kiganja, anauliza inauma? Nasema sana, wanaongeza maji. Nasema haiumi, anaongeza chumvi. Nasema inauma kidogo, anasema haya. Wanawake wa vitunguu waliokuwa wamesema juu yangu sasa walikuwa wananichekea, wananiita ulimi. Ulimi, njoo huku. Ulimi, pilau inakuita. Nilicheka nao. Miguu ilikuwa inaniuma, midomo imenikauka, na kila mara kiganja kile kiliponijia nilikitazama kwanza kama kiko kikavu pembeni, kama hakijapita kwingine. Kila mara kilikuja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa namwangalia hivyo mama yangu siku ya heshima yake, kama askari. Hilo nalo lilinichosha.

Chakula kilipopakuliwa mama alikaa kwenye mkeka na rika lake, sinia moja la pilau katikati, na mimi nikamfungulia hotpoti yake pale pale upande wake, si pembeni. Akafunua jani. Wenzake wakauliza ni nini, mmoja akanyofoa kidogo, akatafuna kwa adabu, akasema ndimu imekaa vizuri, na mkono ukarudi kwenye pilau. Mama alikula. Alikula taratibu, akitoa miiba na kuipanga kwenye ukingo wa jani. Mama mdogo, kwa huruma yake ile ile, akachota kitonge cha pilau na kipande cha nyama akakiweka upande wa dada yake, akamwambia kidogo tu, leo ni sherehe. Niliona kwa sababu nilikuwa nimesimama na jagi la kunawia. Kwa mgongo wa kidole mama alikisukuma kile kitonge, pole pole, kikavuka katikati ya sinia, kikafika upande wa pili. Kisha akaendelea na miiba yake huku akimsikiliza mwenzake anayesimulia habari za mahari.

Sijui kesho yake alifanya nini chini ya mto. Sikuuliza wakati ule, na sijauliza hadi leo. Siku ile alikisukuma.

Walipoingia ndani kumwona bibi harusi, mama akiwa ameshikwa mkono na yule mwenye sauti, ngoma zikaanza upande wa mbele na ua wa jikoni ukabaki na moshi na masufuria matupu. Nilikusanya sahani. Nilipofika kwenye hotpoti yetu nikakuta amebakisha upande wa mkia na ugali wa kuziba tonge mbili. Sikuwa nimekula tangu alfajiri. Pilau ilikuwepo ya kutosha, na kuna mtu alikuwa ameniwekea sahani yangu, imefunikwa, juu ya kinu.

Niligeuza sufuria moja nikalikalia, nikavua kandambili, nikakimaliza kile cha mama. Kilikuwa kimepoa. Kisha nikaosha hotpoti, nikaipangusa kwa upindo wa kanga, nikafunga kifuniko.